Bangili ya Shaba: Safari katika Nchi ya Katanga

Mtu atokaye Lubumbashi kwa njia ya kusini, kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, hukuta magari makubwa ya mizigo yakifuatana kama siafu. Juu yake mna mabamba mekundu ya shaba, yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Yanaingia Zambia, na kutoka huko yanaendelea mpaka bandari za bahari, kama vile Dar es Salaam na Durban. Kisha yanapakiwa katika meli na kupelekwa nchi za mbali, hasa China, yageuzwe kuwa nyaya za umeme, mashine na magari. Mwaka 2024 nchi yetu ya Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikahesabiwa kuwa ya pili duniani baada ya Chile.

Basi, msafiri ayaache magari hayo, aingie katika mitaa ya Lubumbashi, kama vile Kenya, Katuba au Ruashi, siku ya Jumapili, watu wavaapo nguo zao nzuri. Atazame mikono na shingo za akina mama. Ataona bangili za plastiki, na mikufu ya madini hafifu iliyopakwa rangi ya dhahabu, vyote vimetoka ng'ambo. Rangi hiyo yabanduka kabla ya mwaka kwisha. Nchi iliyolala juu ya shaba yanunua mapambo yake kwa wageni!

Hata hivyo ufundi wa shaba haukufa. Wako bado mafundi wanaofua bangili uani kwao, kwa makaa, nyundo na koleo. Ndiyo sababu tunataka kuifuata shaba tangu kilimani mpaka nyumbani, tuone wazee wetu walivyoigeuza kuwa pambo, na jamaa ya leo yawezavyo kufanya vivyo hivyo kwa vitu vichache. Na njiani tutajifunza jambo moja lililo kubwa kuliko pambo lenyewe: kwamba iko shaba ifaayo kuvaliwa, na iko shaba isiyofaa hata kuguswa.

Vilima visivyo na miti

Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Toka Likasi mpaka Kolwezi ni kama 180. Njia yapita katika msitu wa miombo, penye vichuguu virefu kama nyumba. Mara kwa mara msafiri huona kilima kilicho uchi: pande zote miti, lakini juu yake majani tu. Mgeni hudhani kwamba watu wamekata miti kwa kuchoma makaa. Sivyo. Udongo wa kilima kile umejaa shaba, na shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya miti.

Lakini kuna mimea michache iliyozoea udongo huo. Mmoja ni mmea mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na watu huuita ua la shaba. Penye ua hilo na jiwe la kijani, wazee walijua kwamba hapo panafaa kuchimbwa. Jiwe hilo la kijani ndilo malakiti. Kwa kweli ni shaba iliyochanganyika na hewa ya makaa na maji kwa muda mrefu sana ndani ya ardhi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba safi.

Watu waliofanya kazi hii zamani waliitwa "wakula shaba", si kwa kuwa waliitia kinywani, bali kwa kuwa walipata riziki yao kwayo. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa mkubwa wa misioni ya Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926, wakati walipokuwa hai bado wazee waliojua kazi hiyo kwa mikono yao wenyewe.

Kazi ilianza wakati wa kiangazi, mtama ukiisha kuvunwa, kwa maana siku za mvua mashimo hujaa maji na mikono yote yahitajiwa shambani. Watu walihama kijiji, wakapiga kambi karibu na kilima. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi, wanaume walichimba. Kisha walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo hustahimili moto bila kupasuka. Ndani walipanga makaa ya miti migumu na mawe ya kijani, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi za paa. Kufanya shaba iyeyuke kwahitaji moto mkali sana, wa digrii 1,085. Bila chombo cha kupimia, mafundi wale waliujua moto huo kwa rangi ya ndimi zake.

Shaba iliyotoka tanuruni ilimiminwa katika kalibu za udongo au mchanga, ikapata umbo la msalaba wenye mikono minne. Misalaba hiyo ilitumiwa kama fedha, na ilisafiri mbali sana na mahali ilipozaliwa. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo, bendera yake iliwekwa misalaba mitatu ya namna hiyo. Tena, tangu mwaka 1971 hadi 1997 jimbo lote liliitwa Shaba. Ni nchi chache duniani zilizopata jina la kitu kilichomo ndani ya udongo wake.

Makaburi ya Kisale

Mto Lualaba wapita karibu na Kolwezi, washuka kwa kelele kati ya mawe, kisha wafika Bukama na kutulia. Mbele ya Bukama wapanuka, wawa mabwawa na maziwa mengi, penye mafunjo na samaki wengi. Ziwa moja katika hayo ni Kisale. Ukingoni mwake pana mahali paitwapo Sanga.

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba Sanga wakakuta makaburi mengi ya watu wa kale. Mafundi wa mambo ya kale walirudi tena mwaka 1974. Makaburi mengine ya huko yana umri wa miaka elfu moja na zaidi. Ndani yake mlikuwamo vyungu vizuri, vifaa vya chuma, na mapambo ya shaba: bangili, mikufu, na minyororo myembamba iliyounganishwa pete kwa pete. Hata watoto walizikwa na vitu vyao.

Na sasa tukumbuke jambo hili: karibu na ziwa Kisale hakuna shaba. Ilitoka mbali, katika vilima vile vya kusini tulivyovitaja, ikachukuliwa siku nyingi vichwani na katika mitumbwi. Wavuvi wa Kisale waliipata kwa kubadilishana mali, na walipoipata, jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kuipamba miili ya wapenzi wao. Misalaba ya fedha yaonekana katika makaburi ya nyakati za baadaye, tangu karne ya 14 hivi, imewekwa mikononi au kifuani mwa marehemu. Na kadiri karne zilivyopita, misalaba ikawa midogo zaidi, mingine haizidi urefu wa kidole. Huko Sanga, basi, pambo la shaba lilitangulia fedha ya shaba. Watu waliipenda shaba kwa uzuri wake kabla ya kuihesabu.

Mtu asiyeweza kufika Kisale aweza kwenda katika Makumbusho ya Taifa mjini Lubumbashi, ambamo zimehifadhiwa kazi za watu wa kale wa Katanga. Wazazi wafanye vema kuwapeleka watoto wao huko. Mtoto aliyekwisha kuona kazi ya shaba ya wazee wake hatasadiki tena kwamba wazee wake hawakujua kitu.

Waya wa Bunkeya

Katika karne ya 19 walikuja Katanga watu wa mashariki, kutoka nchi ya Wasumbwa iliyo Tanzania ya leo. Walifuata shaba. Mmoja wao, Msiri, akawa mtawala mwenye nguvu, akajenga mji wake Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini ufundi wa watu wake ulibaki.

Ufundi huo ulikuwa wa kuvuta waya. Fundi alikifua kipande cha shaba mpaka kikawa ufito. Kisha alikichongoa ncha, akaipitisha katika tundu la bamba la chuma, na watu wakavuta kwa nguvu upande wa pili. Ufito ulipopita tunduni ulitoka mwembamba na mrefu zaidi. Wakautia katika tundu dogo kuliko lile la kwanza, wakavuta tena. Na baada ya mara kadhaa wakaupasha moto, maana shaba ikivutwa sana huwa ngumu na kukatika. Hivyo walipata uzi mwembamba kama unywele wa farasi. Uzi huo waliuzungusha juu ya nywele za wanyama au nyuzi za miti, wakapata bangili na vikuku vyepesi vinavyopindika bila kuvunjika. Katika Kiswahili cha zamani waya mwembamba wa namna hiyo waitwa nyerere, na ule mnene waitwa masango. Lugha yenyewe yashuhudia jinsi mapambo haya yalivyoenea toka Katanga mpaka pwani.

Siku za migodi mikubwa

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika tanuru kubwa la mji huo. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa takataka za tanuru vyaonekana mpaka leo kutoka mbali, navyo vimekuwa alama ya mji. Mwaka 1967 migodi ilitwaliwa na serikali, ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Na baadaye zikaja kampuni nyingi za kigeni.

Tanuru za udongo wa kichuguu zilizimika. Mzee aliyejua kuyeyusha shaba akawa mfanyakazi wa mshahara, na mwanawe hakujifunza kazi ya baba. Shaba ikawa kitu cha kampuni: chatoka ardhini, chapita mbele ya macho yetu, chaenda zake.

Kilichobaki mikononi mwa watu ni malakiti. Katika miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wachongaji huuza masanduku madogo, mayai ya jiwe, sanamu za wanyama na shanga za kijani zenye mistari. Mistari hiyo ni kama miaka ya mti: jiwe lilikua tabaka juu ya tabaka. Malakiti si jiwe gumu. Kisu cha chuma chaweza kulikwaruza. Kwa hiyo huchongeka vizuri na kung'aa sana. Lakini tutasema mbele kidogo kwamba urahisi huo una hatari yake.

Kazi ya uani

Tuje sasa nyumbani. Vifaa vyatakiwa vichache: jiko la makaa, koleo mbili, nyundo moja ya chuma na moja ya mti, tupa, kipande cha chuma kinene cha kupigia, msasa mwembamba, ndoo ya maji, malimau, chumvi, na nta kidogo ya nyuki. Asiye na fuawe atumie kipande cha reli au kichwa cha nyundo kubwa kilichosimikwa katika gogo.

Shaba itoke wapi? Fundi wa umeme anayeweka taa katika nyumba mpya hubaki na vipande vya waya vilivyo vifupi mno kwa kazi yake. Mwombe akuuzie. Chagua waya mmoja mnene kama njiti ya kiberiti, si ule wa nyuzi nyingi nyembamba. Vua ganda lake kwa kisu, polepole, ukikata kuelekea mbele, si kuelekea mkono wako.

Kwa bangili ya kusokota, kata waya wa sentimita 60. Uweke juu ya makaa mekundu, mahali penye kivuli, ili upate kuona rangi. Ukiwa mwekundu wa giza, si mwekundu wa kung'aa, ushike kwa koleo, uutumbukize majini. Sasa utaona ajabu: waya uliokuwa mgumu umekuwa laini kama kamba. Chuma cha pua kikitumbukizwa majini kikiwa na moto huwa kigumu, shaba sivyo. Moto huilegeza, na nyundo huifanya ngumu. Mwenye kujua hayo mawili amekwisha kujua nusu ya kazi.

Kunja waya katikati. Tia kunjo katika msumari uliopigwa katika nguzo. Shika ncha mbili kwa koleo, uvute kidogo, uanze kusokota kwa mwendo mmoja bila haraka. Ukisokota kwa haraka, upande mmoja utakuwa na misokoto ya karibu na mwingine ya mbali. Waya ukianza kushindana na mkono wako, usiulazimishe. Urudishe motoni, kisha endelea.

Kazi ya kusokota ikiisha, kata kipande cha sentimita 15 kwa mkono wa mwanamke wa kadiri. Piga ncha zake kwa nyundo ya chuma mpaka ziwe bapa, uzilainishe kwa tupa zisikwaruze ngozi. Kisha pinda bangili juu ya chupa au mti wa mviringo, ukipiga kwa nyundo ya mti. Acha nafasi ya vidole viwili katikati ya ncha, ili mkono upite. Mapigo haya ya mwisho yana faida: huifanya shaba iwe ngumu tena, nayo hushika umbo lake.

Moto umeacha weusi juu ya shaba. Loweka bangili katika maji ya limau yenye chumvi kwa muda wa nusu saa. Weusi utatoka, na wekundu utaonekana. Isugue kwa msasa, halafu kwa majivu laini na kitambaa chenye maji. Isuuze sana, uikaushe. Mwisho uipashe joto kidogo, uipake nta ya nyuki, ufute iliyozidi. Nta hiyo huzuia hewa na jasho kwa muda. Ikiisha, paka tena.

Mkufu wafanywa kwa uzi mwembamba zaidi. Zungusha waya juu ya msumari, pindi kwa pindi zikigusana, kama chemchemi ya saa. Utoe msumari, kata pindi hizo kwa upande mmoja: kila pindi imekuwa pete. Fungua pete kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, usizitanue kwa upande, maana umbo lake litaharibika. Tia pete ya pili, funga. Tia ya tatu, funga. Hivyo ndivyo mnyororo unavyokua pete kwa pete, kama ile minyororo ya Sanga.

Na ukitaka kidani, nunua kipande kidogo cha malakiti kilichokwisha kusuguliwa na mchongaji. Safisha kwanza waya wako kwa limau. Jiwe lenyewe usilitie katika limau kamwe, maana ukali wa limau hula malakiti na kuuondoa mng'ao wake. Zungusha waya mbele na nyuma ya jiwe kama mtu afungavyo mzigo kwa kamba, kaza juu kwa misokoto mitatu, na mwisho wa waya ufanye kitanzi cha kupitishia mkufu.

Shaba isiyofaa kuguswa

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Bangili yaweza kuwa nzuri machoni, na kumbe imeanza vibaya.

Kwanza, usinunue waya usiojua ulikotoka. Watu hukata nyaya za umeme na za reli usiku na kuziuza kwa kilo. Mtaa mzima walala gizani, mashine ya unga yasimama, na muuguzi azalisha kwa mwanga wa simu. Wengine wamekufa kwa umeme wakikata. Anayenunua asema: "Mimi sikuiba." Lakini kama asingekuwako mnunuzi, mwizi angekata kwa faida ya nani? Kijana akikuletea furushi la waya kwa bei ndogo kupita kiasi, bei hiyo yenyewe imekwisha kukuambia habari zake.

Pili, usichome ganda la plastiki ili kupata shaba upesi. Moshi wake mweusi una sumu kali, na sumu hiyo haiishii hewani: yaanguka juu ya mboga, juu ya maji, juu ya mtoto anayecheza karibu. Kisu na subira vyatosha.

Tatu, usikate wala kusugua malakiti kavu nyumbani. Vumbi lake la kijani likiingia mapafuni ladhuru. Mchongaji mwenye akili hufanya kazi nje, jiwe likiwa limelowa maji daima, amefunika pua na kinywa, na nguo za kazi haziingii chumbani walalapo watoto. Tena, usiokote mawe ya rangi rangi penye migodi kwa kuyafanya pambo. Katika nchi ya Katanga yako mawe, hasa ya manjano, yenye urani. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulijulikana duniani kwa ajili yake. Jiwe la namna hiyo si la kuvaliwa shingoni.

Nne, mtoto asitumwe migodini kuokota wala kuosha mawe. Ni kweli kwamba zamani watoto walikwenda kilimani pamoja na mama zao. Lakini waliokota juu ya ardhi, katika kambi ya jamaa yao, na hawakuwa na shule waliyoiacha. Mashimo ya leo ni marefu, yabomoka, na faida yake yaishia kwa wengine. Mtoto mkubwa aweza kujifunza kusokota waya baada ya masomo, chini ya macho ya mzazi. Kazi ya moto na ya koleo za moto ni ya watu wazima.

Tano, ukiokota msalaba wa kale shambani au katika udongo wa mto, usiuyeyushe na usiuuze kwa mpita njia. Upelekee habari wenye makumbusho. Msalaba mmoja uliobaki mahali pake waweza kuwafundisha wataalamu mambo mengi. Uliyeyushwa, watoa bangili moja tu.

Tuongeze neno juu ya dawa. Watu wengi husema kwamba bangili ya shaba huponya maumivu ya viungo. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2013, kwa wagonjwa 70 wa baridi yabisi, haukuona kwamba bangili za shaba zawapunguzia maumivu wala uvimbe. Basi uiuze kama pambo, usiiuze kama dawa. Na mteja akilalamika kwamba mkono wake umepata alama ya kijani, mwambie kweli: ni jasho na shaba zilizokutana; sabuni na maji vyaiondoa.

Bei ya kazi

Mama aliyefanya bangili yake ya kwanza mara nyingi hukosa kujua bei. Hutazama bangili ya plastiki sokoni, akaona haya kuomba zaidi. Afanye hesabu katika daftari: waya kiasi gani, makaa kiasi gani, malimau na nta kiasi gani, na saa ngapi za kazi. Mwanzoni bangili moja yaweza kuchukua saa mbili. Baada ya mwezi, chini ya saa moja. Saa hizo nazo ni mali. Mama asiyezihesabu ajiuza mwenyewe pamoja na bangili.

Afadhali pia akina mama watatu au wanne wafanye kazi pamoja: mmoja huangalia moto, mwingine husokota, mwingine husafisha. Vifaa vyanunuliwa mara moja kwa ajili ya wote, na anayejua humfundisha asiyejua. Ndivyo walivyofanya wakula shaba. Hakuna mtu aliyeweza kuendesha tanuru peke yake.

Hatusemi kwamba bangili hizi zitaitajirisha jamaa. Magari ya Kasumbalesa yataendelea kupita, na jambo la nani apataye faida ya shaba ya Katanga ni kubwa kuliko nyundo ya mama mmoja. Lakini kipande cha waya chenye thamani ya faranga chache, kikipita motoni na mikononi, chaongezeka thamani mara nyingi; na ongezeko hilo, safari hii, lakaa nyumbani. Lanunua daftari na chumvi. Tena binti anayeona mama yake akiigeuza shaba kuwa pambo hujifunza kwamba mali ya nchi si kitu cha kutazamwa kikipita tu.

Basi, ninyi wenye nyumba, kiangazi hiki jaribuni. Tafuteni kipande cha waya kilichopatikana kwa njia njema, washeni jiko uani jioni, na wazee waliopo waketi karibu, maana huenda wakakumbuka jambo ambalo kitabu hakina. Bangili ya kwanza itapinda upande. Ya pili itakuwa nzuri zaidi. Ya tatu mtampa bibi arusi, naye atakuwa nayo mpaka wajukuu wamwulize ilikotoka.